Kilo Moja na Robo

Dukani, karibu na stendi, tarumbeta mpya
imelala ndani ya kioo juu ya kitambaa chekundu
kama mwana wa mfalme.
Laki sita na nusu. Kutazama ni bure.
Nikauuliza mfuko wangu; mfuko ukanyamaza kwa adabu.

Nilivuka Tanganyika na vitu vitatu vya maana:
cheti cha ubatizo, sufuria ya ugali,
na kipulizio cha shaba ndani ya soksi ya mtoto.
Tarumbeta yenyewe ilikuwa mali ya kanisa;
ilibaki Uvira, msumarini,
karibu na picha ya askofu, kama ukuta bado upo.
Mwaka mzima nimekipuliza kile kipande peke yake
jikoni, hapa Mabatini, nikisubiri maharage:
prrr, prrr, bata mwenye mafua.
Mama Kabula mwenye nyumba akagonga ukuta:
"Mama Sifa, unaumwa?"

Niliuliza kote.
Kwaya ya Igoma wana kinanda, na kinanda kina wivu.
Bendi ya shule ina ngoma mbili na filimbi inayokohoa.
Makoroboi kijana aliniletea gitaa lisilo na nyuzi,
akasema nyuzi ni kitu kidogo tu, dada, utapata.
Nilisema "iko ngapi?" badala ya "bei gani?"
na lile "iko" likanipandishia elfu kumi.

Kisha Malimi, mnunuzi wa vyuma chakavu njia ya Nyakato,
kati ya rejeta na feni iliyopoteza mapanga,
akavuta kwa unyayo kitu kilichojikunja,
ukungu wa kijani shingoni.
Hakujua jina lake. "Hili bomba," alisema. "Shaba safi."
Akalitundika kwenye mzani wa ndoano,
ule ule uliopima sato asubuhi, magamba bado.
Mshale ukacheza, ukatulia.
Kilo moja na robo. Kila kilo elfu kumi na mbili.
Nilihesabu elfu kumi na tano kwa vidole vya mwizi,
maana sikujua nani kati yetu anaibiwa.
"Nilikanyage, liingie kwenye mfuko?"
Nilipiga kelele. Mbwa wake akaamka.

Kashindye, anayetengeneza makarai na koroboi,
aliigeuza juani, akakuta tundu kwenye kiwiko cha bomba,
dogo, kama punje ya mtama.
"Hapa," akasema, "tutaziba kwa risasi."

Nikasimama kimya hadi akainua macho.
Kwetu risasi hutoboa.
Imetoboa tangi la maji, mlango wa darasa,
paja la mwalimu Byaombe aliyetufundisha kuhesabu mapigo.
Sijawahi kuiona ikiziba kitu.
Kashindye hakuuliza. Akapasha chuma chake moto,
tone moja likaanguka, jeupe, likatambaa, likaganda.
"Elfu mbili. Usiioshe leo."

Kipulizio changu hakikukaa sawa, kinacheza.
Nimekivisha uzi wa wavu wa sangara, mizunguko tisa.
Pistoni ya kati imekwama chini,
kwa hiyo kuna noti ambazo kwa sasa sina.
Nazizunguka, kama tunavyoyazunguka majabali
na ndoo kichwani, bila kuyalaumu.

Jumapili jioni nilipanda jiwe lililo nyuma ya choo.
Ziwa lilionekana kipande tu,
kama sarafu iliyoingia chini ya kabati.
Nikapuliza.
Yakatoka mate, kisha matope, kisha mende mmoja mzee,
kisha sauti, mbovu, pana kuliko nilivyoikumbuka.
Mama Kabula akatoka na mwiko mkononi.
Alisikiliza hadi mwisho, ugali ukimkaukia kwenye mwiko.

"Hiyo ni ya msiba au ya harusi?"

Sikujua. Ilikosa noti za kuamua.

"Haya. Ila mwisho saa mbili," akasema.
"Kulwa ana mtihani."